Kupanda ndege kwenda kuangalia majani, ni starehe ama ni kupoteza pesa?

Kila ikifika Oktoba grupu za familia hapa Mombasa zinajaa zile video. Mtu yuko Marekani, Boston ama New Jersey, kaendesha gari masaa kadhaa mpaka mashambani huko New Hampshire, barabara nzima huku na huku ni miti myekundu, ya machungwa, ya manjano, nyuma katia taarab, na hapo hapo ubishi unaanza. Vijana wanasema lazima siku moja twende na sisi, wazee wanasema majani yaliyopukutika ni taka za kufagiwa, sasa mtu mzima na akili zake anakata tiketi kwenda kuangalia taka? Mimi naona kila upande una haki kidogo, ila wote wanabishania uzuri wa majani, na uzuri sio tatizo hata kidogo.

Tuanze na wanaotaka kwenda. Kule jani haligeuki kwa vile limekauka tu. Mchana ukianza kuwa mfupi mti unaacha kutengeneza klorofili, ile inayoleta ukijani, na ukijani ukiondoka ndo manjano iliyokuwa ndani ya jani siku zote inaonekana. Wekundu ni habari nyengine, huo mti unautengeneza wakati ule ule kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, na unataka mchana wa jua na usiku wa baridi lakini isiyofika kuganda. Majimbo ya Vermont na New Hampshire yana hali ya hewa hiyo na yana miti mingi ya mepo (maple kwa Kiingereza), ile inayotoa sharubati ambayo huku kwetu tungeimwagia chapati za maji, na zaidi ya robo tatu ya Vermont ni msitu. Kwa hivo ni mlima mzima unageuka kwa wakati mmoja, na huwezi kusema umeuona kwa sababu umeona video.

Wazee nao wanauliza, kwani hapa hatuna mti wa mkungu? Na kweli tunao. Mkungu unageuka, tena hata mara mbili kwa mwaka. Okota jani moja chini ya mti uliangalie vizuri, ncha imekolea wekundu, katikati limeingia machungwa na kando ya mshipa kuna ukijani haujatoka bado. Watoto wako pale pale wanagonga kungu kwa jiwe hakuna anayeinua macho, na asubuhi mwenye nyumba anatoka na ufagio wa chelewa anayasukuma yote pembeni. Hoja ni nzuri lakini mimi hainishawishi sana, mkungu mmoja uwanjani na mlima mzima ni vitu viwili mbali mbali.

Penye uzito ni pesa na bahati. Viza ya utalii ya Marekani ada yake ni dola 185 na ukinyimwa hairudishwi, na mahojiano ni Nairobi, kwa hivo mtu wa Mombasa ashapanda treni ya SGR na kulala huko hata kabla hajajua kama atapata. Ndege ya moja kwa moja Nairobi mpaka New York ipo tangu Oktoba 2018, sawa, lakini ni safari ya usiku kucha na zaidi, halafu ukifika New York bado hujafika, Vermont ni masaa mengine mengi ya gari ama treni. Na baada ya yote hayo majani hayakungoji. Sehemu moja ikikolea rangi ni wiki moja, ikizidi sana mbili, yanaanza kaskazini na juu milimani halafu yanashuka, mwaka wenye ukame yanaingia ukahawia mapema, na upepo mkali wa usiku mmoja unaweza kuacha matawi matupu. Mtu wa Boston akisikia wiki hii bado anangoja wikendi ijayo. Wewe uliyekata tiketi tangu Machi unacheza pata potea.

Kwa hivo kwenda kwa ajili ya majani peke yake, mimi nasema hapana. Lakini kama una dada yako kule na ulikuwa uende kumuona, mbona uende Julai? Nenda mwanzo wa Oktoba. Vermont na New Hampshire msimu ukifika wanatoa taarifa ya rangi imefika wapi, mwambie afuatilie, mkae tayari kubadilisha njia.

Sasa kuna jambo ambalo kwenye ubishi wetu halitajwi kabisa, nalo ni wale wenye kijiji. Kuna kijiji kinaitwa Pomfret, huko Vermont, watu kama mia tisa hivi. Kuna shamba la mtu binafsi pale, nyumba, ghala na njia ya vumbi inayopinda, likasambaa kwenye Instagram na TikTok, basi kila msimu wa majani magari yanajaa njia nyembamba ya Cloudland Road, watu wanaruka uzio, wanaingia bustani za wenyewe, wengine walikuja na vibanda vya kubadilishia nguo ili wapigwe picha na mavazi tofauti, na wenyeji wakalalamika kuwa kuna mpaka waliojisaidia kwenye ardhi zao. Septemba 2023 kijiji kikaamua, barabara ikafungwa kwa wageni mpaka katikati ya Oktoba.

Kuna waliosema ni roho mbaya. Mimi mtu wa Mombasa siwezi kusema hivo, manake nani asiyejua Mji wa Kale mgeni anavyoelekeza kamera dirishani kwa bibi wa watu bila hata salamu? Lakini pia mimi huyo huyo najua msimu ukiwa mbaya hapa mambo yanakuwaje, hoteli zinapunguza watu, mwenye tuktuk anashinda kivulini, mama wa viazi karai anarudi na beseni limejaa. Kule pia wenye nyumba za wageni wanaitegemea Oktoba hiyo. Tofauti ni kwamba aliyeuza chumba kapata, na yule ambaye bustani yake imekanyagwa hajapata hata senti, na ukiangalia vizuri hapo ndo ugomvi wote ulipo.

Na hili sisi tuna mfano wake karibu, Kaya Kinondo kule Diani. Msitu ule ni mtakatifu kwa Wadigo, unaingia na kiongozi wa pale pale, unalipa kiingilio, unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, na hutoki na kitu hata jani. Mgeni anaona msitu na wenyewe wanapata chao. Sidhani Pomfret wangeweza kufanya hivo hivo, shamba lile ni nyumbani kwa mtu, lakini kati ya kufunga barabara na kuacha kila mtu aingie kulikuwa na nafasi.

Japan napita haraka tu, Kyoto rangi zinakolea Novemba na umati wake ni wa kutisha.

Kinachonishangaza ni vile hakuna anayeitaja Afrika Kusini. Kule msimu huo ni Aprili na Mei, na tangu Januari 2023 Mkenya anaingia bila viza mpaka siku 90. Kuna mji mdogo unaitwa Clarens, jimbo la Free State, ni safari ya gari tu kutoka Johannesburg, miti ya mipopla inageuka dhahabu chini ya majabali ya mawe ya mchanga, na upande wa Stellenbosch na Franschhoek, karibu na Cape Town, ni mashamba ya mizabibu yanayoingia wekundu na machungwa (unaangalia majani, kinachokamuliwa pale hakikuhusu). Sio msitu wa asili, mipopla ililetwa na walowezi, na wekundu wa kujaza mlima kama Vermont hutaupata. Lakini nauli ni ndogo zaidi, mahojiano hakuna, na Aprili watoto wamefunga shule. Baridi ya asubuhi ndo itawasumbua, ila majaketi mazito Kongowea kwenye mitumba yamejaa, na huku hakuna anayeyagombania.