PK Ni Nani, na Anafanya Nini Kwenye Muhtasari Wetu?

Mtu mzima aliyelipa fedha halali kununua kompyuta mpakato anastahili kubofya faili lake mara mbili na likafunguka bila mahojiano. Yangu leo asubuhi imeamua kunihoji. Nilibofya muhtasari wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, maana kikao kilikuwa kinaanza saa nane mchana hapa Ilomba, na badala ya muhtasari kikatokea kisanduku kikitaka kujua ningependa faili hilo lifunguliwe na programu gani. Chini yake zilijipanga programu zilizojitolea kwa kazi hiyo, ikiwemo ya kuchorea, ya kutazamia picha na ya kupigia muziki, ingawa sijawahi kusikia marejesho ya mkopo yakiimbwa. Umeme ndio kwanza ulikuwa umerudi, na kwa msomaji wa Mbeya sentensi hiyo haihitaji maelezo.

Chanzo ni mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo aliyekuja likizo, ambaye juzi aliichukua kompyuta hii akisema anaipunguzia uzito. Katika kuipunguzia uzito aliing'oa programu ya kuandikia nyaraka, kwa hoja kwamba muda wake wa majaribio ulikuwa umekwisha na ilibaki kula nafasi tu. Hoja yake siikatai. Ila baada ya hapo nyaraka zote za kikundi, tangu katiba hadi orodha ya wadaiwa sugu, zikakosa wa kuzifungua.

Ukweli ni kwamba kompyuta ya Windows haisumbuki kuchungulia kilichomo ndani ya faili kabla ya kuamua ilipeleke wapi. Inatazama herufi chache zinazofuata nukta ya mwisho ya jina, yaani docx, pdf, mp3 na jamaa zao, kisha inakwenda kwenye orodha yake kuona ni programu gani iliyoandikishwa kwa herufi hizo. Mikia hiyo ni ya zamani. MS-DOS ya mwaka 1981, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotangulia Windows, tayari ilikuwa nayo, wakati jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi nane na mkia wake herufi tatu. Ni kama yule mtu wa stendi ambaye akisikia jina lako linaanza na Mwaka anakumiminia Kinyakyusa mfululizo, bila kujali kwamba umezaliwa na kukulia Njombe na unachoweza kujibu ni "ndaga" peke yake. Tena tangu Windows 95 mikia hiyo hufichwa kwa zile aina za mafaili ambazo kompyuta inazifahamu, kwa hiyo jina linalotumika kuamua kesi yako wewe mwenyewe hulioni.

Nikamwita mpwa wangu. Alikuja na kikombe cha chai mkononi, akakitazama kisanduku kwa dharau ya kitaalamu, akachagua Notepad, ambayo ni daftari la maandishi matupu, akaweka tiki mahali panapoagiza itumike kila mara, akasema, "Tayari, mjomba, haitakusumbua tena." Kisha akapanda bajaji kwenda Mwanjelwa kutafuta viatu vya mtumba. Na kweli haikunisumbua tena, kwa sababu ilihamia kuwasumbua wajumbe.

Saa nane na robo mwenyekiti alifungua kikao kwa sala, akaomba katibu asome muhtasari uliopita. Nilirekebisha miwani, nikaigeuza kompyuta ili wajumbe wa mbele nao waone kwamba kikundi kimeendelea, nikabofya. Ukurasa ulijaa alama za kuulizia, visanduku vitupu, vikorombwezo na herufi zilizovaa kofia, kuanzia juu hadi chini bila nafasi ya kupumulia. Kitu pekee kilichosomeka kilikuwa mwanzoni kabisa, herufi mbili kubwa: PK.

Kimya kilichofuata kilivunjwa na mama mweka hazina, ambaye kwa miaka yote ya utumishi wake hajawahi kupoteza hata shilingi mia. "Katibu, samahani. Huyu PK ni nani?"

Nikamjibu kwamba simfahamu.

"Humfahamu, na ndiye wa kwanza kuandikwa kwenye muhtasari wetu?"

Mjumbe mmoja wa upande wa dirishani, ambaye kwa bahati mbaya jina lake la kwanza na la pili huanza na herufi hizohizo, akasimama na kuanza kujitetea kabla hajatuhumiwa. Alieleza kwamba mkopo wake ulikuwa wa pembejeo, kwamba viazi vyake vya Uyole vilipigwa na ukungu wakati kila mtu akiona, na kwamba kama ni suala la faini basi wapo wakubwa zaidi yake ambao hakuwa na nia ya kuwataja, kisha akawataja. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akashauri kwamba, kwa kuwa maandishi yenyewe yanaelekea kuwa ya Kichina, atafutwe mtu wa Tunduma anayefanya biashara nao. Mwenyekiti, ambaye anapenda vikao viende haraka, akaagiza nifute takataka zote hizo niandike muhtasari upya humohumo na kuhifadhi.

Hapo ndipo adabu ya ukatibu iliponiponyoka. Nilisema kwa sauti ambayo naambiwa ilisikika kwa jirani kwamba hakuna atakayefuta kitu, kwamba takataka ile ndiyo muhtasari wenyewe, na kwamba mtu akiihifadhi kutoka ndani ya daftari lile tutakuwa tumelizika faili likiwa hai. Nikampigia simu mpwa wangu, nikaweka spika, naye akatufafanulia kutoka katikati ya mitumba. Nyaraka za docx, zilizoingia na mtindo mpya wa mwaka 2007, kwa kweli ni bunda la zip lililobana vifaili vingi vidogo ndani yake, na kila bunda la namna hiyo huanza na herufi PK, ambazo ni za Phil Katz, Mmarekani aliyeuleta mtindo huo wa kubana mafaili mwaka 1989. Ukilibadilisha mkia wa docx ukawa zip, litafunguka na kukuonyesha vifurushi vyake vyote.

"Kwa hiyo huyo PK yuko Marekani," alisema mama mweka hazina.

"Alifariki mwaka 2000, shangazi," mpwa akajibu kwa heshima.

Mama mweka hazina akaandika kitu kwenye daftari lake, akauliza kama marehemu aliacha mdhamini.

Kikao kiliahirishwa bila azimio lolote, isipokuwa kwamba mjumbe wa dirishani sasa ana maadui wapya watano.

Jioni nilijifungia na bando langu, nikapakua LibreOffice, ambayo ni ya bure na docx inazisoma vizuri. Nilitegemea ikiingia itashika kazi yenyewe, lakini tangu Windows 8 ya mwaka 2012 programu ngeni hairuhusiwi kujitwalia mafaili kimyakimya. Mwenye kompyuta lazima aidhinishe. Nakubali ni busara, maana zamani kila programu ya muziki iliyokaribishwa ndani iliteka nyimbo zote hata kabla haijakaa. Kwa hiyo nikabofya kitufe cha kulia cha kipanya, nikaenda kwenye kufungua kwa kutumia programu nyingine, nikaichagua, nikatia tiki ya kila mara kwa mkono wangu, na muhtasari ukarudi ukiwa na ajenda zake zote na faini zake zote.

Pdf bado zinafunguliwa na kivinjari, ambacho kila nikimfungulia mtu risiti ya mchango huchukua nafasi hiyo kuniomba nikifanye kuwa chaguo langu la kudumu. Picha za harusi alizotuma binti yangu kutoka Dar zina mkia wa heic, na kompyuta imeniambia niende dukani kwake nikatafute kiongezeo. Kijana wa steshenari naye huniuliza kama nataka kuprinti Word au PDF kwa sauti ya daktari anayeuliza dalili.

Sasa hivi mwenyekiti amenitumia kikao chote alichokirekodi kwa simu, kwa kuwa haniamini tena, na faili lina mkia wa opus. Kompyuta imeuliza tena lifunguliwe na nani. Nimelikabidhi kwa VLC, ile yenye koni ya barabarani, iliyoanzishwa na wanafunzi wa Paris mwaka 1996, na imelicheza bila kuuliza swali lolote. Isipokuwa mwenyekiti aliiweka simu kando ya sahani, kwa hiyo mpaka sasa ninachosikia ni watu wakitafuna viazi, na mtu mmoja anayeuliza kwa uchungu ni nani aliyekaa na chumvi.