Kosa la bambo, lawama kwa kipimo

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa sharti la cheti: sumu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Tangu hapo, majibu mawili ya vipimo yakitofautiana juu ya mzigo mmoja, anayelaumiwa kwanza ni kile kimashine cha mkononi kinachopima sumu hiyo kwa kusoma kijikaratasi kwa mwanga.

Wanaokitilia shaka wana hoja. Maabara hutenganisha aina nne za sumukuvu, B1, B2, G1 na G2, na kupima kila moja. Kimashine kwa kawaida hutoa jumla. Kilichosanifiwa kwa mahindi hakiaminiki kwenye karanga, na joto la ghala huharibu vijikaratasi. Kumzuilia mtu lori zima kwa kipimo hicho peke yake ni jambo zito.

Lakini kitazameni kikifanya kazi. Unga wa sampuli huchanganywa na kiyeyusho, matone machache yakadondoshwa kwenye kijikaratasi chenye kingamwili. Sumu ikizidi, mstari hufifia. Watu wawili watabishana umefifia kiasi gani. Kimashine humulika, hupima mwanga unaorudi, na dakika chache tu namba imetoka.

Tatizo huanza kabla ya hapo. Lori la tani 30 lililofikia 10 kwa bilioni lina sumu gramu 0.3 tu, mzigo mzima! Nayo haikutapakaa sawasawa: imejificha kwenye punje chache, na punje moja mbovu huweza kubeba maelfu ya mara ya kiwango. Sasa mpimaji anachoma bambo, kile chuma cha kutolea punje guniani, kwenye magunia mawili yaliyo karibu na mkono wake, anajaza kikombe, anasaga. Akizikosa punje zile, mzigo safi; akizinasa, wote umeoza. Kikombe hichohicho kikipelekwa kwenye mtambo wa bei mbaya, mtajibiwa kwa usahihi mkubwa kuhusu kikombe.

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi kwa mahindi waliyolima na kuyahifadhi nyumbani yakiwa na unyevu. Mahindi ya namna hiyo hayafiki maabara. Kimashine kinaweza kuyafuata hadi kwenye ghala la kijiji. Maabara ibaki mwamuzi wa mzigo unaobishaniwa. Fedha za kuongeza mtambo mwingine mjini, mimi ningenunulia kwanza mabambo marefu na vinu vya kusagia sampuli, nikawalipa watu wa kuchoma kila gunia la kumi, hata lililo chini kabisa.