Macho Mekundu ya Bibi wa Msituni

Wazazi wengi wanaoikataa hadithi ya Hänsel na Gretel, iliyochapwa na ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, mwaka 1812, huikataa kwa sababu ya tanuri. Watoto wawili wanatelekezwa msituni, bibi mchawi anamfungia Hänsel kizimbani anone aliwe, na Gretel anamsukuma bibi motoni. Wanaoitetea wana hoja nzito. Mtoto anaijua hofu kabla ya kusimuliwa chochote. Hapa anamwona msichana mdogo akiwaza upesi na kumwokoa kaka yake. Na msiba wote umeanzia kwenye njaa, jambo ambalo watoto wengi wanalielewa kuliko tunavyodhani.

Hapo niko upande wao. Kinachonisumbua ni sentensi moja. Katika toleo la 1857 msimulizi anaeleza kwamba wachawi wana macho mekundu na hawaoni mbali. Ndiyo maana, bibi anapotaka kushika kidole cha Hänsel kuona kama amenona, Hänsel anaweza kumnyooshea mfupa, naye asigundue. Uoni hafifu una kazi katika kisa. Wekundu hauna kazi yoyote ila kumpa msikilizaji alama ya kumtambulia mchawi. Ulaya iliua watu kati ya 40,000 na 60,000 kwa tuhuma za uchawi, karibu nusu yao katika nchi za Kijerumani, wengi wakiwa wanawake. Huku Shinyanga na Mwanza, Tanzania, vikongwe wamekatwa mapanga kwa alama hiyohiyo, ilhali macho yao yameharibiwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, kwa miaka waliyowapikia watoto na wajukuu.

Nitaambiwa ngano haimshikishi mtu panga. Kweli, lakini mtoto wa Kishapu, mkoani Shinyanga, anayesikia sentensi ile huenda ana bibi wa namna hiyo nyumba ya pili.

Wengine husema maandishi ya kale yasiguswe. Wilhelm Grimm mwenyewe aliyagusa! Mwaka 1812 aliyeshauri watoto watupwe msituni alikuwa mama yao mzazi. Kufikia toleo la 1840 amekuwa mama wa kambo. Mama akasitiriwa, mzigo akatwishwa mwanamke mwingine.

Basi nikiisimulia, njaa inabaki, kizimba kinabaki, na Gretel anasukuma vilevile. Rangi ya macho siitaji. Mtoto akiniuliza tumejuaje kuwa yule bibi ni mbaya, jibu limo humohumo katika hadithi: amemfungia mtoto ili amle.