Nani mwanamume huyo?

Jamani hii imetokea kweli, na mamangu akijua nimeiandika atanikana, lakini nusu ya Lamu washaisimulia na kila mmoja kaitia chumvi yake, kwa hivyo bora niitoe mwenyewe.

Mimi natengeneza filamu za makala. Yaani ni mimi, kamera moja, laptopu iliyopasuka kioo na stendi ya kuazima. Nikasema nifanye filamu ya dada mmoja mpiga picha hapa kwetu, jina lake nalibana, mtaani Langoni wote wamjua. Picha kwetu si mambo mageni, marehemu Omar Said Bakor alikuwa na studio yake hapahapa Lamu, akikata picha kwa mkono na kuzibandika mpaka zikawa maajabu. Lakini dada huyu yeye kazi yake ni wanawake, kesha za hina, vugo ile ngoma yao ya harusi, na kupamba, usiku wa wanawake watupu wa kumtazama bi harusi. Watu wakiingia kupamba simu zote zinaachwa mlangoni kwenye beseni, na mle ndani kamera ni yake peke yake. Shughuli ikisha anachomoa memori kadi, anaitia kwenye bahasha, analamba gundi, anamkabidhi bi harusi mkononi. Yeye habaki na hata picha moja.

Sasa mimi mwerevu ilinichukua siku tatu za kurekodi kugundua kwamba natengeneza filamu ya mpiga picha ambaye picha zake siruhusiwi kuziona.

Alizonionyesha ni za viatu. Kila harusi kabla hajaingia anapiga viatu vilivyovuliwa mlangoni, na walahi ni nzuri, nilikaa nazo usiku mzima. Kuna moja, lundo la visigino vya dhahabu vinametameta, na katikati champali ya bluu imeshonwa mkanda kwa uzi wa nyavu. Nikamuuliza ya nani, akacheka tu, akasema huyo ndo aliyecheza kuliko wote.

Mahojiano nayo tabu tupu. Magari hatuna vichochoroni lakini punda tunao, na punda wa Lamu anajua ukibonyeza kurekodi. Nikajitia msomi, nikamwelezea habari za Cindy Sherman wa Marekani, kwamba tangu miaka ya 1970 anajivalisha mawigi na nguo za kila aina anajigeuza watu mbalimbali na kujipiga picha mwenyewe. Akasikiliza kwa heshima zote, akafikiri, akaniuliza, “Mwanangu, sasa akijipiga mwenyewe nani anamlipa?” Punda akalia hapohapo. Hiyo klipu sijui nitaifanya nini.

Basi ikaja harusi. Bi harusi ni bintiye ami yangu, nikaona hapa penyewe, watu wa nyumbani. Mke wa ami akakataa katakata. Dada akaniombea, wakajadiliana weee, mwisho ikawa sauti sawa, sura la. Na sauti yenyewe ya dada tu, awe akinong'ona anachokipiga na kwa nini. Nikamvalisha maiki ya wayalesi, ile ndogo ya kubana kwenye nguo, na kiboksi chake akakificha kiunoni chini ya leso. Seti yangu ina maiki mbili, ya pili nikajibana mwenyewe kifuani ili niwe nasema saa na maelezo, kurahisisha kuhariri. Wazo zuri kabisa. Nilijipongeza.

Kupamba kulikuwa kiwanjani, wamezungushia turubai pande zote. Mimi nje, kwenye jiwe, kipokezi mapajani, hedifoni masikioni. Nilichokuwa sijui ni kwamba maiki ya mkononi ya yule dije wa kike ilitoka duka lilelile nililonunua mimi, Mombasa, na zote mbili zilikuwa chaneli ileile ya kiwandani, hakuna aliyegusa kitu. Maiki mbili zikiwa kwenye mawimbi mamoja, yenye nguvu ndo inayosikika. Dije akiwa anazungumza, yake iko pale karibu na mitambo, yangu inamezwa. Lakini akiizima...

Na aliizima. Bi harusi anakaribia kutoka, muziki ukakatwa, akaiweka chini, kiwanja kizima kimya, hata watoto wamenyamaza.

Saa hiyohiyo kuna kijana kaniletea sahani nje. Nikafunua. Wali wa nazi, na kichwa cha changu. Kichwa tu! Nikamwambia yule kijana, na hapa naandika nilivyosema maana kiwanja kizima ni mashahidi: “Yaani nimebeba stendi toka Langoni napewa kichwa? Kiwiliwili kaenda nacho nani? Na huyu mke wa ami tangu magharibi anapiga kelele kama injini ya boti ya Mokowe, hata samaki hajanihurumia.”

Na mimi hedifoni masikioni. Maiki ya dada ndani inadaka spika za kiwanjani, kwa hivyo maneno yangu yakanirudia kwa kuchelewa kidogo, mazito, yana mwangwi. Sikuijua sauti yangu. Nilichosikia mimi ni mwanamume, ndani ya kupamba, kwa binti ya ami yangu! Damu ikanipanda. Nikasimama wali ukamwagika, nikapiga ukelele:

“WEE! NANI MWANAMUME HUYO?”

Spika zikaitika: NANI MWANAMUME HUYO?

Nikasema leo kuna mtu atakufa. Nikamjibu: “Toka nje kama wewe mwanamume kweli!” Naye akanijibu vilevile.

Ndani sikuona lakini nilisikia. Kwanza kimya. Kisha nguo, zile hariri na mabuibui yanavutwa kwa pamoja, ukisikia utadhani mashua kumi zinashusha tanga. Viti vikaanguka, bibi mmoja anasoma Ayatul Kursi. Kisha nikasikia sauti niijuayo toka utotoni, haina haja ya maiki: “Tulieni. Si jini. Huyo ni mwanangu.”

Mamangu.

Turubai likainuliwa kidogo upande wangu, mkono ukatoka, una hina mpya na bangili sita, ukanyooka kifuani kwangu ukaing'oa ile maiki na kipande cha shati. Haukusema neno ukarudi ndani. Nikabaki nimesimama na hedifoni, nasikiliza vicheko. Walicheka mpaka nikahesabu dakika nne kwenye kirekodi.

Usiku dada alipotoka hakunilaumu. Akaniambia pale watu walipokuwa wananyakua mabuibui bi harusi alikuwa ameshasimama mlangoni, kaona yote, kacheka mpaka kashika ukuta, meno yote nje, na yeye akabonyeza. Ati ndo picha nzuri kuliko zote alizopata kupiga maishani mwake. Nikamwambia nionyeshe tu kwenye kioo cha kamera, sekunde moja. Akanionyesha bahasha. Ishalambwa.

Kwa hivyo filamu ninayo, ina viatu, ina punda, ina dakika kumi na moja za turubai usiku. Wabeba mizigo wakiniona sokoni kule karibu na ngome wananiamkia “nani mwanamume huyo”, na mimi naitikia salama, nifanyeje.

Kesho yake adhuhuri mtoto wa ami akaja na hotipoti kubwa, ile ya wageni, kasema mamake kamtuma, kaniambia nile nishibe. Nikaona ah, damu nzito, nishasamehewa. Nikafunua. Vichwa saba vya changu, vimepangwa duara, vyote vinaniangalia.