Kwa wadudu wa mikorosho, lenzi ya zamani inatosha

Kijana wa Mtwara akisema anataka kupiga picha za wadudu na maua kwa karibu, ushauri anaopewa mara nyingi ni huohuo: weka akiba kwanza, ununue lenzi ya makro ya kisasa. Mimi naupinga. Kwa kazi hii lenzi ya zamani, ile unayoizungusha kwa mkono ili picha itoke kali, inatosha, tena kuna mambo inayafanya vizuri zaidi.

Wengi wanahofia fokasi, yaani kuifanya picha itoke kali bila kamera kujirekebisha yenyewe. Chukua maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani ya mkorosho kuwa viota. Ukimsogelea mpaka umbo lake kwenye sensa, kile kibati cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, lilingane na ukubwa wake halisi, sehemu inayotoka kali haifiki milimita moja, hata ukilibana tundu la lenzi hadi f/8 (namba ikipanda, tundu linakuwa dogo). Hapo fokasi ya otomatiki huhangaika mbele na nyuma, na mdudu keshaondoka. Wazoefu wengi, hata wenye lenzi za bei mbaya, huizima. Wanaiacha pete ya fokasi mahali pamoja, halafu wanasogea wao wenyewe taratibu mpaka jicho la mdudu liwe kali. Sasa kitu utakachokizima, unakilipia cha nini?

Ili lenzi ya kawaida ikuze mdudu hivyo, unafunga pete kati yake na kamera, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Gawa urefu wa pete unayoongeza nyuma ya lenzi kwa urefu wa fokasi wa lenzi hiyo, ile namba ya mm iliyoandikwa juu yake. Lenzi ya 50mm ikifungwa pete ya 25mm inakupa nusu ya ukubwa halisi. Pete ya 50mm inakupa ukubwa kamili. Micro-Nikkor Auto 55mm f/3.5, lenzi ya makro ya Nikon ya miaka ya 1960, inafika nusu bila msaada, na pete ya 27.5mm inaikamilisha. Pete hizo ni bomba tupu, hazina kioo ndani, kwa hiyo za bei ndogo haziharibu ubora wa picha.

Utasikia pia kwamba lenzi za zamani za M42, zinazofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, hazifai kwenye kamera za Nikon zenye kioo cha kurusha taswira, kwa sababu adapta, ile pete ya kuziunganisha, inaisogeza lenzi mbele na milima ya mbali haitoki kali. Ni kweli, lakini wewe unapiga ua lililo sentimita chache mbele yako! Kuisogeza lenzi mbele ndicho hasa unachokitaka.

Kinachosumbua kweli ni mwanga. Kwenye ukubwa kamili, mwanga unaofika kwenye sensa unabaki robo, na f/8 inafanya kazi kama f/16. Ndiyo maana nasema fedha uliyookoa kwenye lenzi inunue flashi, kisha uifunike kwa karatasi nyeupe ili mwanga usichome.

Maua ya mikorosho huja wakati wa kusi, na upepo ukishaamka shada zima linacheza. Asubuhi mapema kumetulia, ila ndio saa hiyohiyo wakulima wanapuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, kwa sababu hiyohiyo ya utulivu. Omba ruhusa, ulizia shamba ambalo halipulizwi siku hiyo, na usithubutu kubadilisha lenzi kwenye vumbi lile. Ukipata nafasi, liangalie ua moja kwa utulivu: linafunguka jeupe, linageuka waridi lenye michirizi, na stameni moja, kijiti chenye chavua, inachomoza kuwapita wenzake wote. Mtu amezaliwa kwenye mikorosho na hajawahi kuliona hivyo.

Halafu mtafute mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi na kuacha madoa meusi. Picha yake kali, mkononi mwa mkulima, ina kazi kubwa kuliko picha mia za machweo ya Mikindani. Na maji moto niliowataja ni maadui zake. Ukiwaona wengi mtini, huenda ukamkosa.

Kabla hujatoa fedha, fungua tundu la lenzi lote, mulika tochi kutoka nyuma na uchungulie kwa mbele. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa unyevu wa pwani yetu itaendelea kukua. Lenzi hiyo iache, hata muuzaji akupunguzie nusu. Iliyo safi ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe vikichoka.