Abiria Wote Walifika Nchi Kavu

Wanaonicheka huko Mbita husahau jambo moja: abiria wote walifika nchi kavu. Ilikuwa nchi kavu ya ndege, sawa, lakini mimi niliahidi nchi kavu, sikuahidi hoteli.

Mimi ni mtu wa Nakuru. Ziwa letu lina magadi, flamingo na viboko, na hakuna mtu mwenye akili zake anayeingia humo kuogelea. Kwa hiyo likizo ile ya Aprili nilipopanda mashua Mbita kwenda kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu, jaketi la kuelea likiwa limenibana hadi kidevuni, nilifanya kile ninachofanya kila nikishikwa na hofu. Nilianza kufundisha Jiografia.

Katika Jiografia ugonjwa wangu ni visiwa vya mbali. Sisemi Lamu wala Pemba. Nasema vile ambavyo kwenye ramani ukiviona unadhani mchoraji alidondosha wino. Jirani yangu kwenye ubao alikuwa mama mmoja mwenye kreti za mikate na magunia ya kabichi, watu wakimwita Min Achieng'. Nikamfungulia mada ya Tristan da Cunha, katikati ya Atlantiki ya Kusini: jirani wao wa karibu ni watu wa Saint Helena, zaidi ya kilomita 2,400; uwanja wa ndege hawana; meli kutoka Cape Town huchukua karibu wiki nzima bahari ikikubali. Wakazi hawafiki 300, wanalima viazi, wanasema Kiingereza cha kwao wenyewe, na kwa miaka mingi kisiwa kizima kilikuwa cha majina saba: Glass, Green, Hagan, Lavarello, Repetto, Rogers na Swain.

Min Achieng' akaacha kuhesabu mikate. "Majina saba?"

"Saba."

"Na msichana wa Glass akitaka kuolewa?"

"Anaolewa kwa Green. Au kwa Swain."

"Na mamake huyo msichana alitoka wapi?"

"Pengine kwa Green."

Akapiga makofi mara moja, akaigeukia mashua nzima. "Hao watu hawana wazee?"

Anayejua jinsi Wajaluo wanavyochambua ukoo kabla ya posa kupokelewa ataelewa kwa nini mjadala ule uliteka hata waliokuwa wakisinzia. Mzee mmoja Msuba wa Mfangano, aliyempakata jogoo, akauliza habari ya mahari. Nikamweleza kwamba Lavarello na Repetto walikuwa mabaharia Waitaliano ambao meli yao ilivunjikia pale mwaka 1892, wakaona wasichana, wakaamua kubaki.

"Bila kutoa kitu," mzee akasema, akageuza uso kutazama maji.

Ndipo injini iliponyamaza. Propela ilikuwa imemeza kipande cha wavu na pini yake ikakatika. Nahodha alitutuliza kwamba pini ya akiba anayo. Anayo nyumbani. Kabla hatujamaliza kumjibu, mvua ya Aprili ikatushukia, ikatuzungusha, ikatulowesha, ikaondoka. Ilipoondoka iliacha ukungu: Rusinga haionekani, Mfangano haionekani, na jua linazama. Simu zilikuwapo, mtandao ndio haukuwapo.

Nahodha alisema tungoje. Neno la busara, lakini watu walikuwa wanalia, na mimi nilikuwa na ujuzi. Nikasimama (kwa kumshikilia mzee) nikawapa habari za Mau Piailug. Mtu huyu alitoka kisiwa kidogo cha Satawal, huko Mikronesia. Mwaka 1976 aliongoza mtumbwi wa tanga uitwao Hōkūleʻa kutoka Hawaii hadi Tahiti, takriban kilomita 4,000, bila dira na bila ramani, akawafunga midomo wataalamu waliodai kwamba Wapolinesia walifika visiwani mwao kwa bahati, wamepeperushwa na upepo. Wale watu walikuwa wakisoma mawimbi, mawingu, ndege na nyota, na kwa elimu hiyo walijaza Pasifiki yote, kutoka Hawaii hadi Rapa Nui hadi New Zealand.

"Hata babu zetu walivuka ziwa hili kwa mitumbwi kutoka Uganda," mzee akasema.

"Umeona!" nikamwambia.

"Lakini walikuwa wanajua wanakoenda."

Nikaanza na mawimbi. Baharini wimbi kubwa husafiri maelfu ya kilomita, na likigonga kisiwa hupinda na kurudi. Watu wa Visiwa vya Marshall walikuwa wakichora mipindo hiyo kwa vijiti vilivyofungwa pamoja, na visiwa vikawa ni kombe ndogondogo. Mtu aliisoma ramani hiyo nchi kavu, kisha akaiacha nyumbani. Akiwa majini alilala chali ndani ya mtumbwi na kuyasikiliza mawimbi kwa mwili wake. Wapo waliosimulia kwamba kiungo chepesi kuliko vyote kwa kazi hiyo mwanamume ameumbwa nacho, na mbele ya Min Achieng' niliishia hapo. Yeye alielewa. Alicheka hadi akapaliwa.

Nikalala chali ndani ya mashua. Kule chini kulikuwa na maji ya mvua, petroli, magamba ya samaki na majani ya kabichi, na simu yangu ikafia humo mfukoni. Jogoo wa mzee akashuka akanisimamia kifuani.

"Unasikia nini?" wakauliza.

"Mawimbi mawili. Moja linatoka kusini-magharibi, dogo. La pili linapiga kwa nguvu upande huu wa kulia."

"Huo ni mguu wangu," akasema nahodha, ambaye alikuwa akichota maji kwa kipande cha mtungi. "Hebu sogea."

Hapo nalilaumu ziwa. Ziwa Victoria ni kubwa kwa kupigia picha, ila wimbi lake halina pa kukimbilia likakomaa.

Mawingu yalikuwa na matumaini zaidi. Juu ya bahari mawingu hutembea, lakini yakikuta kisiwa hujikusanya juu yake na kukaa, na baharia huliona wingu siku nzima kabla hajaiona ardhi yenyewe. Nami nikaliona. Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo, na kule mbele lilisimama wingu refu jeusi, limetulia tuli, halisukumwi na upepo wowote. "Pale!" nikasema. Vijana wakashika makasia. Nahodha alitazama lile wingu, akanitazama mimi, akajifunga leso puani na mdomoni. Nilidhani anasikia baridi.

Msomaji wa Kisumu tayari ameshajua. Wale wadudu wadogo wa ziwa huibuka majini kwa mamilioni wakati mwezi umefichama, wakapanda juu pamoja kama moshi wa kiwanda. Tuliingia katikati yao huku mimi bado naongea. Siwezi kuwaeleza ladha yake, ila naweza kusema kwamba jogoo peke yake ndiye aliyefurahia kituo hicho.

Baada ya hapo watu hawakunisikiliza kwa heshima ile ya mwanzo. Lakini ndege walitokea wenyewe, bila mimi kuwaita: mnandi weusi wakiruka mstari kwa mstari chinichini juu ya maji, na yangeyange nyuma yao, wote wakielekea upande mmoja. Nikasisimka. Huko Pasifiki kuna shakwe wadogo weupe ambao hutoka kuvua asubuhi na kurudi nchi kavu jioni kulala, na baharia anayewaona jua likizama hahitaji kitu kingine, anawafuata tu. "Vijana, fuateni hao ndege," nikasema, "na mkikosa ardhi mnitupe majini." Fundi mmoja kijana, aliyekuwa na mabati ya mteja wake, akasema masharti hayo ameyapenda, akashika kasia kwa nguvu mpya. Nahodha alikuwa akicheka tangu mnandi wa kwanza. Nami nilidhani ni furaha.

Harufu ilitupokea kabla ya ardhi. Kisha mawe, meupe pepepe, halafu kelele ambayo sijapata kuisikia hata kwenye mkutano wa wazazi.

"Mwalimu," nahodha akasema, "karibu Mbasa. Ndege wa upande huu wote wanalala hapa. Watu hawalali."

Kila mtu alinyamaza. Mimi nikashuka wa kwanza, nikateleza, nikakaa. Ilikuwa nchi kavu.

Tulipanga kusubiri pale hadi mashua ipite. Njaa ilipouma niliwakumbusha mkataba wa William Glass na wenzake, waliouandika Tristan da Cunha mwaka 1817: mali yote ni ya wote kwa usawa, na asiwepo wa kujiona mkubwa kuliko mwenzake. Niliutaja huku nikiitazama mikate.

"Huyo Glass," akauliza Min Achieng', "mikate aliinunua kwa pesa ya nani?" Akatuuzia, na kwa bei ya kisiwani.

Ili kuwachangamsha nikawapa Pitcairn. Kosa halikuwa katika hadithi yenyewe, ilikuwa giza tu. Mwaka 1790 mabaharia 9 walioiasi meli ya Bounty walijificha kisiwani humo pamoja na wanawake na wanaume wa Polinesia, wakaichoma meli yao wasionekane. Wakagombania ardhi na wanawake, wakawindana, na ilipofika 1808 meli ya Wamarekani ikapita pale na kukuta wanaume wote waliofika wameisha, amebaki mmoja, John Adams. Fundi akayasogeza mabati yake karibu. Mzee akahesabu wanaume tuliokuwapo kwa kidole, polepole.

Nikaharakisha kufika kwenye lugha, maana hapo ndipo penye utamu: watoto wa kisiwa kile walichanganya Kiingereza cha mabaharia na Kitahiti, wakapata Kipitkern, ambacho hadi leo kinasemwa na watu wachache mno. Na sisi tulikuwa tumeanza. Mzee aliongea Kisuba na jogoo, Kijaluo na Min Achieng', Kiswahili nami. Fundi alinung'unika Kiluhya. Nahodha alitumia zote kwa sentensi moja. Nikasema tukikaa hapa vizazi viwili tutakuwa na Kimbasa. Maneno yake ya kwanza yalipatikana usiku uleule, na yote yalinihusu.

Min Achieng' hakuwa na muda wa lugha. Alikuwa ameazima kipande cha bati na anakwangua mawe, anajaza gunia lililotoka kabichi. Mbolea ya sukuma wiki. Nikampongeza, nikamwambia Nauru, kisiwa cha kilomita za mraba 21 tu, ilichimba fosfeti hadi ikawa miongoni mwa nchi tajiri duniani kwa kila kichwa, kisha fosfeti ikakauka na umaskini ukabisha hodi. Na Marekani ilitunga sheria mwaka 1856: raia wake akikuta kisiwa kitupu chenye mavi ya ndege, kisicho na mwenyewe, anaweza kukishika kwa niaba ya nchi yake. Baker na Howland ni vyao hadi leo kwa njia hiyo.

"Aliyekikuta ndiye mwenyewe?" akauliza, bila kuacha kukwangua.

"Kwa sheria hiyo, ndiyo."

"Sawa, japuonj," yaani mwalimu.

Mbingu ikafunguka. Kaskazini-mashariki, chini kabisa, ikachomoza nyota ya manjano, nami nikaona Mungu hajaniacha. Nikawaita wote. Ile, nikasema, ni Arcturus. Wahawaii huiita Hōkūleʻa, na hata ule mtumbwi ulipewa jina lake. Inapita utosini mwa Hawaii. Baharia aliyetoka Tahiti alisafiri kwenda kaskazini hadi nyota hiyo ikapita juu kabisa ya kichwa chake, ndipo akajua amefika usawa wa nyumbani. Nikiwa hapo, pembeni yake ikachomoza ya pili. Halafu ya tatu. Halafu mstari mzima, zikiyumba.

"Mwalimu," mzee akasema, "hiyo yako inakohoa."

"Oimore!" Hōkūleʻa ikatusalimia. Walikuwa wavuvi wa omena, na taa zao za sola zikielea majini.

Walituvuta hadi Sena. Gatini nahodha akashusha watu kwa utaratibu, kila mmoja na mzigo wake, nami akaniwekea mkono kifuani. Nauli ya Mfangano nimelipa, akasema, lakini tumepitia Mbasa, na Mbasa haikuwa kwenye ratiba. Vilevile kuna gunia moja ambalo halikuwapo tulipotoka Mbita.

"Gunia ni la Min Achieng'," nikasema.

"Langu?" Min Achieng' alikuwa tayari na kreti kichwani. "Kisiwa amekikuta nani? Si wewe ulisema aliyekikuta ndiye mwenyewe? Mimi ni kibarua tu. Lipia mzigo wako, kesho nitatuma mtoto auchukue."

Nikamwambia nahodha kwamba sheria ile ya 1856 inawahusu Wamarekani peke yao. Akauliza kama ina muhuri wa BMU, kamati inayosimamia ufuo. Haikuwa nao. Nikalipa.