Tuwafundishe Watoto Sakafu ya Bahari Yetu

Ami yangu alikuwa mvuvi wa mshipi. Siku ya kwanza aliyonichukua tulivua Mkondo wa Pemba, magharibi ya Wete, alfajiri, bahari shwari. Alifunga chubwi, akaliachia, akawa anauhesabu mshipi kwa pima, mikono ikifunguka na kukutana kama ya mtu anayepima kitambaa: moja, mbili, tatu. Ilipofika pima mia mshipi ulikuwa umemwishia mkononi na chubwi lingali linaning'inia. "Hapa hapana chini, mwanangu," alisema, akaanza kuuvuta.

Chini ipo, ila ni mbali. Mkondo ule unafikia kina cha mita 800 hivi, yaani zaidi ya pima 400. Unguja haiko hivyo. Maji yaliyo baina yake na bara ni machache kiasi kwamba zama za barafu, miaka 20,000 iliyopita, bahari iliposhuka mita 120 hivi, mtu angetoka Bagamoyo akafika Unguja kwa miguu. Pemba asingefika. Visiwa viwili tunavyovitaja kwa pumzi moja, na chini ya maji havifanani kabisa.

Haya niliyajua nikiwa mtu mzima. Darasani tulifundishwa kwamba ganda la dunia limekatika mabamba na mabamba hayo yanatembea. Mwalimu alichora Atlantiki ubaoni, akachora Japani, kengele ikalia. Mtihani nilifaulu. Bahari tuliyokuwa tukiisikia dirishani haikutajwa hata siku moja. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa, kwa sababu sehemu muhimu ya ushahidi kwamba sakafu ya bahari inatembea imepatikana humu humu, katika Bahari ya Hindi.

Kaskazini-mashariki mwa pwani yetu, baina ya Socotra na Maldivi, umelala mgongo wa milima chini ya maji uitwao Carlsberg. Katikati yake ganda la dunia linaachana, na lava inapanda kuziba pengo. Lava ikipoa inakuwa mwamba, na chembe za chuma zilizomo hugandia zikiwa zimeelekea sumaku ya dunia kama ilivyokuwa wakati ule. Sasa, sumaku ya dunia hugeuka. Kaskazini huwa kusini, kisha hurudi. Mara ya mwisho ilikuwa miaka 780,000 hivi iliyopita. Basi ikiwa sakafu inazaliwa katikati na kusogea pande zote mbili, mwamba wake lazima uwe na mistari, na mistari ya upande huu ilingane na ya upande ule, kama pindo mbili za kikoi.

Mwaka 1962 meli ya Waingereza, HMS Owen, ilipita juu ya mgongo huo ikiburuta kipima sumaku. Drummond Matthews alikuwemo melini. Mwanafunzi wake huko Cambridge, Fred Vine, akazikalia zile namba, na mwaka 1963 wakachapisha maelezo hayo ya mistari. Wengi hawakuwajali. Miaka michache baadaye ilikuwa vigumu kubisha. Mgongo wa Carlsberg unafunguka sentimeta mbili hadi tatu kwa mwaka, na unafunguka sasa hivi unaposoma.

Kabla yao alikuwepo Marie Tharp wa Marekani, mwanamke aliyechora ramani ya sakafu ya Atlantiki kwa vipimo vilivyoletwa na wanaume, maana wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti. Akaona bonde katikati ya safu ya milima. Mwenzake Bruce Heezen aliyapuuza kuwa maneno ya wasichana, hadi matetemeko ya ardhi yalipowekwa kwenye ramani yakaangukia ndani ya bonde lile lile. Na bonde hilo walilifananisha na nini? Na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Bonde letu! Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini nikatoka nje kwanza.

Wala si mambo ya kale. Mwezi Mei 2018 Maore (Mayotte), kisiwa cha safu moja ya Komoro na Ngazija na Nzwani, ilianza kutetemeka kila siku. Kisiwa kikazama kwa sentimeta kadhaa. Mwaka uliofuata meli ya utafiti ikapima kina kilomita 50 mashariki yake, ikakuta mlima wa volkano mpya wa mita 800 hivi, umesimama mahali ambapo ramani za zamani zilionyesha tambarare tupu. Mlima mzima, katika bahari yetu, na nimekutana na walimu wa jiografia ambao hawajausikia.

Tarehe 26 Disemba 2004 sakafu iliruka karibu na Sumatra, na saa chache baadaye wimbi lake likaua watu karibu 300 Somalia, na wengine Tanzania na Kenya. Mtoto wa pwani ana haki ya kujua, kabla ya Atlantiki, kwa nini ardhi ikitikisika mbali maji yanaweza kumjia yeye.

Mimi ningeanza somo gatini. Kila mtoto na uzi wake na jiwe, apime, ahesabu kwa mikono yake mwenyewe. Kisha ramani ifunguliwe hapo hapo juu ya sakafu ya gati, Pemba ikiwa katikati.